Goti Hupimwa Kuanzia Nyongani

Mtu aliyebadilishiwa nyonga miaka kadhaa iliyopita anarudi hospitali, na safari hii goti ndilo lililomshinda. Ngazi hapandi, usiku halali, akikaa mkekani hainuki mpaka ashikwe mkono. Anaambiwa goti nalo libadilishwe. Kisha anapelekwa chumba cha eksirei, na badala ya kupigwa picha ya goti pekee anasimamishwa wima na kupigwa picha kuanzia kiunoni hadi vifundo vya miguu. Wengi hushangaa. Wengine hukasirika, wakidhani wanaongezewa gharama bure. Nyonga ilishapona, husema, sasa inafuatwa ya nini?

Inafuatwa kwa sababu goti bandia halinyooshwi kwa kulitazama goti lenyewe. Linanyooshwa kwa kuangalia tufe la nyonga, yaani ile ncha ya juu ya fupa la paja iliyo kama mpira, liko wapi, na kwa mgonjwa huyu tufe hilo si lile alilozaliwa nalo. Kuna mtu alishalishika, akalikata, akaweka jingine la chuma au la kauri, pengine mahali tofauti kidogo na pale pa mwanzo.

Fundi mwashi akisimamisha ukuta hushusha timazi, yaani uzi wenye jiwe mwishoni, akaona kama tofali zimefuata uzi. Mguu nao una uzi wake. Unaanzia katikati ya tufe la nyonga, unashuka hadi katikati ya kifundo cha mguu, na katika mguu ulionyooka unapita katikati ya goti au karibu sana na hapo. Uzito wa mwili hufuata uzi huo. Ukipita upande wa ndani wa goti, mtu ana matege, na gegedu la upande wa ndani ndilo linalolika upesi. Ukipita upande wa nje, magoti hugusana na mzigo huangukia nje. Madaktari hupima pembe kati ya mistari miwili, ule wa kutoka nyonga hadi goti na ule wa kutoka goti hadi kifundo. Pembe ya nyuzi 180 maana yake mguu umenyooka kabisa.

Linalowachanganya watu ni kwamba fupa la paja lenyewe halifuati uzi huo. Shingo ya mfupa huingia ndani kuelekea nyonga, na mwili wa mfupa hubaki nje. Kwa hiyo mstari unaopita katikati ya mfupa na uzi wa mzigo hukutana gotini kwa pembe, ambayo kwa watu wazima wengi ni kati ya nyuzi 5 na 7. Naomba msomaji aishike pembe hii, maana mengine yote yanatoka kwake.

Ndani ya chumba cha upasuaji, njia iliyozoeleka ni hii. Daktari hutoboa tundu kwenye ncha ya chini ya fupa la paja, akapitisha fimbo ya chuma kwenye uwazi wa uboho kuelekea juu. Fimbo humwonyesha mwelekeo wa mfupa, lakini haimwonyeshi tufe. Tufe liko juu, limefunikwa na nyama. Basi kwenye ile fimbo hufungwa kifaa cha kuongoza msumeno, kikategwa nyuzi 5, 6 au 7, na mfupa ukakatwa hapo. Kwa mtu ambaye nyonga yake haijaguswa, makisio hayo mara nyingi hutosha. Mfupa wa muundi hauna taabu hiyo, kwa kuwa kifundo kinashikika kwa vidole na mwongozo wake hufungwa nje ya mguu. Utata wote uko upande wa paja.

Sasa turudi kwa mgonjwa wetu. Daktari aliyembadilishia nyonga hakuwa akifikiria goti, na hakukosea. Alikuwa akitafuta nyonga isiyochomoka na misuli ya pembeni iliyovutika vya kutosha ili mtu asitembee akiyumba. Njia mojawapo ya kuyapata hayo ni kuchagua kipandikizi chenye shingo inayochomoza zaidi, kiasi kwamba umbali kati ya katikati ya tufe na mstari wa mfupa unaongezeka.

Hesabu yake ni rahisi, tuifanye. Tuseme kutoka tufe hadi goti ni sentimita 40, yaani milimita 400. Umbali ule ukaongezeka kwa milimita 10. Gawanya 10 kwa 400, geuza jibu kuwa nyuzi, unapata karibu nyuzi 1.4. Pembe iliyokuwa 6 sasa inakaribia 7 na nusu, na kwa kuwa goti liko kama katikati ya safari kutoka nyonga hadi kifundo, uzi wa mzigo umesogea gotini kwa takriban milimita 5 kuelekea ndani. Mguu umeelekea matege kidogo bila goti kuguswa. Umbali ule ukipungua, mambo hugeuka, na uzi husogea upande wa nje.

Nyuzi moja na nusu huonekana kitu kidogo. Lakini wapasuaji wa magoti kwa miaka mingi wamejiwekea mpaka wa nyuzi 3 kila upande wa mstari ulionyooka. Daktari anayetega mwongozo wake kwenye 6 kwa mazoea, wakati mgonjwa huyu pembe yake ni 7 na nusu, amekwisha tumia nusu ya ruhusa yake kabla msumeno haujawashwa. Ongeza kukosea kidogo kwa mkono, ambako hakuna mwanadamu anayekuepuka, na mpaka unavukwa.

Kuna pia suala la fimbo yenyewe. Nyonga bandia hushikiliwa na shina la chuma linaloshuka ndani ya uboho wa fupa la paja. Shina la upasuaji wa kwanza kwa kawaida huishia sehemu ya juu ya mfupa na kuacha nafasi ya kutosha chini, ingawa likiwa limegandishwa kwa simenti ya mifupa, simenti na kizibo chake hushuka zaidi ya ncha ya shina. Mgonjwa aliyerudiwa upasuaji wa nyonga ana kisa kingine. Shina la marudio huweza kuwa refu kiasi cha kufika katikati ya paja au chini ya hapo, na fimbo ya daktari wa goti inagonga chuma kabla haijafika popote. Hapo hulazimika kutumia fimbo fupi. Fimbo fupi ndani ya tundu pana hucheza, na ikicheza, pembe inacheza nayo. Tena mfupa wa paja una mkunjo wake wa asili kuelekea mbele, kwa hiyo kipande cha chini peke yake hakisemi ukweli wote kuhusu mfupa mzima.

Jambo jingine ni mzunguko, ambalo husahaulika kwa sababu halionekani vizuri kwenye picha ya mbele. Shingo ya fupa la paja kwa kawaida hutazama mbele kidogo, kama nyuzi 10 hadi 15. Kipandikizi cha nyonga kikiwekwa kikitazama mbele zaidi au nyuma zaidi, mwili hutafuta namna ya kukaa sawa: mtu anaanza kutembea vidole vikitazama ndani au nje, na pia ya goti, yaani kile kifupa cha mbele ya goti, inavutwa isipopaswa. Ukimsimamisha mtu huyo mbele ya eksirei kwa kulinganisha nyayo zake, goti halitakuwa limetazama mbele, na matege yatakayoonekana pichani huenda ni ya uongo. Ndiyo maana mpiga picha mzuri huzitazama pia za magoti badala ya vidole vya miguu. Zikitazama mbele zote mbili, ndipo anapiga. Nimeliweka jambo hili hapa kwa makusudi, kwa sababu kipimo chote kinachofuata kinategemea uangalifu wa mtu huyo ambaye jina lake halionekani popote kwenye cheti.

Jiografia ya mwili basi imebadilika. Daktari wa goti anaijuaje?

Picha ndefu ya kusimama ndiyo mwanzo. Inaonyesha tufe, goti na kifundo kwa pamoja, na pembe ya mgonjwa huyu mwenyewe hupimwa kwa rula, haikisiwi. Inaonyesha pia shina limeishia wapi, na kama fimbo itapita. Pasipo na mashine ya kupiga picha ndefu, hupigwa vipande vitatu na kuunganishwa, jambo linalohitaji umakini zaidi lakini ni bora kuliko picha ya goti peke yake.

Hatua ya pili ni kuachana na fimbo pale inapokwama. Baadhi ya madaktari hutumia mwongozo wa nje ya mfupa: wanatafuta tufe la nyonga kwa mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji, wanaweka alama juu ya ngozi, kisha wanalenga alama hiyo. Ni njia ya zamani, haidai mtambo mkubwa, na katika mikono mizuri inafanya kazi. Wengine hutumia kompyuta. Goti la kwanza kubadilishwa kwa kuongozwa na kompyuta lilifanyika Grenoble, Ufaransa, Januari 1997, katika timu ya Dominique Saragaglia. Siri yake ni hesabu ya duara. Vihisio hufungwa kwenye mfupa, daktari anauzungusha mguu taratibu, na kompyuta inatafuta nukta moja ambayo paja zima linaizunguka. Nukta hiyo ni katikati ya tufe. Hapa nyonga bandia, iliyotuletea shida kote huko nyuma, inageuka msaada: tufe lake ni duara kamili, tofauti na tufe lililoliwa na ugonjwa ambalo huzunguka kwa kuyumba. Tahadhari moja tu, nyonga bandia inaweza kuchomoka, hasa ikikunjwa sana huku paja limegeuzwa ndani. Daktari wa goti hulikunja goti mara nyingi wakati wa kazi, na nyonga hukunjika pamoja nalo, kwa hiyo timu nzima lazima ijue ni mikao gani ya kuepuka kwa mgonjwa huyu.

Vifaa vinavyochongwa mahususi kwa mgonjwa, pamoja na roboti, hutegemea picha za ndani zilizopigwa kabla. Chuma cha nyonga huvuruga picha za MRI karibu na kilipo, na tufe ndilo hilo hilo linalotafutwa, hivyo mara nyingi huchaguliwa CT, yaani eksirei ya vipande vipande inayounganishwa na kompyuta. Sioni haja ya mgonjwa kuhangaikia roboti. Kinachomsaidia zaidi ni daktari aliyepima kabla ya siku ya upasuaji, kwa mashine yoyote iliyopo.

Hapo tunafikia swali ambalo wapasuaji wenyewe wanabishana: uzi ukishapatikana, goti lilengwe wapi hasa?

Magoti bandia ya kisasa yalianza miaka ya 1970, na John Insall wa New York na Michael Freeman wa London ni miongoni mwa walioweka kanuni kwamba uzi upite katikati kabisa. Kanuni hiyo ilipata nguvu mwaka 1991 ulipochapishwa Uingereza uchunguzi wa magoti 115 ya aina ya Denham. Pale uzi ulipopita theluthi ya kati ya goti, vipandikizi vilivyolegea vilikuwa asilimia 3. Ulipopita nje ya hapo, asilimia 24. Ukisoma takwimu hizo, huoni sababu ya kubishana.

Lakini mwaka 2010 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliangalia magoti 398 miaka 15 baada ya kubadilishwa, wakakuta yale yaliyokuwa ndani ya mpaka wa nyuzi 3 hayakudumu zaidi ya yale yaliyotoka nje. Vipandikizi na simenti vilikuwa vimeboreka. Kisha mwaka 2012 Johan Bellemans na wenzake wa Ubelgiji walipima vijana 250 wenye magoti mazima, wakakuta asilimia 32 ya wanaume na asilimia 17 ya wanawake wana matege ya asili ya nyuzi 3 au zaidi. Watu hao hawakuwa wagonjwa. Ndivyo walivyo. Kuwanyoosha kabisa wanapobadilishiwa goti uzeeni ni kuwapa mguu ambao hawajawahi kuwa nao, na kano za goti zilizozoea umbo la zamani lazima zilegezwe ili zikubali. Kwa kuwa takriban mtu mmoja kati ya watano waliobadilishiwa goti hubaki hajaridhika, baadhi ya wapasuaji walianza kutafuta jibu hapo. Stephen Howell wa California, tangu katikati ya miaka ya 2000, ametetea njia ya kurudisha nyuso za goti zilivyokuwa kabla ya ugonjwa: unapima unene wa kila kipande cha mfupa ulichokata, unaweka kipandikizi chenye unene uleule, mguu unajirudia wenyewe.

Njia hii ina mvuto wa pekee kwa mtu mwenye nyonga bandia, maana haihitaji kujua tufe liko wapi wala fimbo ndefu. Ila mtego upo, na nadhani haujazungumzwa vya kutosha mbele ya wagonjwa. Njia hiyo inarudisha goti la zamani, lakini nyonga ya zamani haipo tena. Mtu aliyekuwa na matege ya asili ya nyuzi 3, kisha nyonga bandia ikamwongezea nyuzi 1.4, akirudishiwa nyuso zake zilezile za goti atasimama kwenye matege ya nyuzi 4 na zaidi. Mzigo hautajali kwamba goti limenakiliwa kwa uaminifu. Kwa hiyo hata daktari anayefuata njia hii anahitaji ile picha ndefu, ili ajue jumla itafika ngapi na aamue mapema atavumilia hadi wapi. Kwa mtazamo wangu, kwa wagonjwa wa aina hii ubishi kati ya kambi hizi mbili una uzito mdogo kuliko swali la kama nyonga ilipimwa au haikupimwa.

Watu huuliza pia kwa nini nyonga hutangulia kubadilishwa pale nyonga na goti vyote vinapouma. Sababu moja ni hiyo tuliyoipitia: ukiweka goti kwanza, kisha nyonga ikahamisha tufe, umeharibu vipimo vya goti. Sababu nyingine ni maumivu. Neva zinazohudumia nyonga huhudumia na goti, na nyonga mbovu huweza kujidai gotini kiasi kwamba mtu hagusi nyonga kabisa anapoonyesha panapouma. Hili linabaki kuwa kweli hata baada ya nyonga kubadilishwa. Shina lililolegea, au nyonga iliyoingiwa na wadudu kimyakimya, huleta maumivu ya paja yanayoshuka hadi gotini. Kabla ya kukubali goti likatwe, nyonga ichunguzwe upya kwa picha na vipimo vya damu, maana kubadilisha goti zima kwa kosa la nyonga ni hasara isiyorudishika, na kuweka chuma kipya mwilini huku kingine kina maambukizi ni hatari kubwa zaidi.

Goti linaloharibika si lazima liwe la upande uleule. Watafiti wa Chicago walionyesha mwaka 2002 kwamba baada ya nyonga kubadilishwa, goti la mguu wa pili ndilo linaloelekea kubadilishwa baadaye, zaidi ya mara mbili ya lile la upande wa nyonga iliyotibiwa. Miaka ya kuukinga mguu mbovu huupa ule mzima mzigo wa wawili, na mazoea hayo hayaishi siku nyuzi zinapotolewa kwenye kidonda.

Pale goti la upande uleule linapobadilishwa, kuna kipande cha mfupa kinachobaki kati ya chuma cha juu na chuma cha chini. Goti la kawaida halina shina refu, kwa hiyo kipande hicho hubaki kirefu. Likihitaji shina, mfano kwa goti lililolegea sana au upasuaji wa marudio, ncha mbili za chuma hukaribiana, na mfupa uliobanwa katikati huvunjika kwa urahisi mtu akianguka, hasa mama mtu mzima ambaye mifupa yake imepungua. Kuutibu mvunjiko huo ni kazi ngumu. Hii ni sababu nyingine ya kujua urefu wa shina la nyonga kabla.

Afrika Mashariki jambo hili lina sura yake. Selimundu ni ugonjwa mkubwa Tanzania, na huua tufe la nyonga kwa kulinyima damu, kwa hiyo wako watu wanaobadilishiwa nyonga wangali vijana, wakiwa na miaka mingi mbele ya goti kuchoka. Baadhi ya wagonjwa wetu pia wamefanyiwa nyonga India, na daktari wa goti aliyeko Dar es Salaam au Nairobi anaona kivuli cha chuma pichani bila kujua ni cha kampuni gani, kirefu kiasi gani, kimewekwa mwaka upi. Kila kipandikizi huja na vibandiko vyenye jina na namba yake, na hospitali hubandika kimoja kwenye ripoti ya upasuaji. Iombe ripoti hiyo kabla hujapanda ndege kurudi nyumbani. Ipige picha kwa simu, mpe nakala mtoto mmoja. Miaka 10 baadaye ni karatasi yenye thamani kuliko risiti zote za safari.

Na kama baada ya nyonga uliwekewa soli ya kuinua kiatu, usiirudie kwa mazoea baada ya goti. Goti lililokuwa limejikunja na kupinda, likinyooshwa, huongeza urefu wa mguu. Soli iliyokusawazisha jana inaweza kukuinamisha leo. Mwambie mtaalamu wa fiziotherapia akusimamishe peku, akuwekee vibao vyembamba chini ya unyayo kimoja kimoja mpaka kiuno kikae sawa, ndipo fundi viatu aguse chochote.